Dini Humfaa Nani Kando ya Kitanda cha Mgonjwa?

Swali la kazi ya dini, na la nani hasa hufaidika nayo, kwa kawaida huachiwa wanafalsafa na wanateolojia. Nadhani madaktari nao tuna sehemu yetu katika swali hilo. Ni mahali pachache ambapo dini hupimwa kwa ukali kama kando ya kitanda cha mgonjwa. Hapo mtu huambiwa aombe, afunge, atoe sadaka, apakwe mafuta, asamehe, anywe kikombe, aache dawa au aendelee nazo. Na baada ya siku au miezi michache matokeo ya ushauri huo huonekana mwilini mwake. Mimi ni bingwa wa magonjwa ya ndani, na wengi wa wagonjwa wangu wana maradhi ambayo tunayadhibiti bila kuyaondoa: kisukari, shinikizo la juu la damu, VVU, moyo na figo zilizochoka. Hao ndio wanaoitafuta dini kuliko wengine, na ndio wanaotafutwa zaidi na wanaoiuza. Hivyo swali langu ni la kitabibu: dini humfanyia nini mgonjwa, na anapotoa kitu kwa jina lake, kitu hicho huishia mikononi mwa nani?

Nianze na deni, kwa sababu daktari wa Tanzania anayeisema dini bila kulitaja deni hilo hatendi haki. Mwaka 1897 hospitali ya wenyeji na Waasia jijini Dar es Salaam ilijengwa kwa fedha za Sewa Haji, mfanyabiashara Mwismaili wa Bagamoyo, wakati ambapo Wajerumani walikuwa wakijijengea hospitali yao ufukweni, pale Ocean Road. Muhimbili ya leo ni mrithi wa hospitali ile, na hadi sasa ndugu wa wagonjwa huulizana njia ya kwenda Sewahaji bila kujua kwamba wanataja jina la mtu. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na hospitali iliyokua katika misheni ile bado inahudumia watu wa Ruvuma. KCMC pale Moshi na Bugando pale Mwanza zimetokana na makanisa. Sehemu kubwa ya hospitali zetu za vijijini, zikiwamo nyingi zilizopewa hadhi ya hospitali teule za wilaya, ni mali ya taasisi za dini. Wauguzi na matabibu wengi wa kizazi cha wazazi wetu walifundishwa katika vyuo vyake.

Deni hilo halifuti swali la nani alinufaika. Misheni ilitibu na ilihubiri kwa pamoja, na aliyekuja na kidonda alisikiliza pia mahubiri. Mkataba wa maelewano wa mwaka 1992 kati ya Serikali na makanisa, uliohusu huduma za jamii, umelalamikiwa na baadhi ya Waislamu kwa miaka mingi, kwamba fedha za umma zinapitia katika taasisi za upande mmoja. Lalamiko hilo lina uzito na linastahili kujibiwa kwa hesabu zilizo wazi, jambo ambalo kejeli haiwezi kulifanya. Lakini ukisimama katika wodi ya wazazi ya hospitali ya misheni saa nane za usiku, utaona kwamba mama anayetokwa na damu haulizwi dini yake kabla ya kutundikiwa chupa. Hapo faida imekwenda kwa anayeihitaji. Kipimo hicho, cha faida kwenda kwa anayeihitaji, ndicho nitakachokitumia katika yaliyobaki.

Sasa twende Loliondo. Mwanzoni mwa mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alikuwa akiwapa watu kikombe cha dawa ya mizizi katika kijiji cha Samunge, wilayani Ngorongoro. Alisema Mungu alimwonyesha dawa hiyo kwa njia ya ndoto, na kwamba inaponya UKIMWI, kisukari, saratani, shinikizo la damu na pumu. Kikombe kimoja kilitosha, na bei yake ilikuwa shilingi 500. Kufikia Machi msafara wa magari ulikuwa umefika kilometa nyingi, na mzee huyo alilazimika kuomba watu wasije kwa muda ili waliokwisha kufika wahudumiwe. Walikuja mawaziri, wafanyabiashara na wakulima. Walikuja watu kutoka Kenya na nchi nyingine za jirani. Makumi ya wagonjwa waliripotiwa kufa njiani au kwenye foleni, baadhi yao wakiwa wameondolewa katika vitanda vya hospitali na ndugu zao ili wawahishwe Samunge.

Nataka tuyatazame matukio yale kwa utulivu, maana yanasemwa aghalabu kwa dhihaka, na dhihaka hairuhusu kujifunza. Kwanza, mzee Mwasapile, ambaye alifariki mwaka 2021, hafanani na picha ya tapeli tuliyoizoea. Shilingi 500 haikuwa bei ya kumtajirisha mtu kwa haraka. Waliovuna zaidi walikuwa wenye magari, ambao nauli zao zilipanda kupita kiasi, wauza maji na chakula njiani, na wale waliowasafirisha matajiri kwa helikopta. Wako waliouza ng'ombe ili kulipia safari ya kwenda kunywa kikombe cha shilingi 500. Katika biashara ya uponyaji, bei inayotangazwa mara nyingi si gharama yenyewe. Pili, watu wale hawakuwa wajinga. Wengi walikuwa wamekwisha kupita kwetu. Tuliwaambia kwamba watameza vidonge hadi kufa, tukawaambia kwa dakika tatu, tukiwa tumeinamia faili, huku foleni ikisubiri nje. Yule mzee aliwaita kwa utu na kuwahudumia maskini na waziri kwa kikombe cha aina moja, na hakuwauliza waliupataje ugonjwa wao. Kwa mwenye VVU wa mwaka 2011 kutoulizwa swali hilo kulikuwa nafuu kubwa.

Lakini madhara yalikuwapo, na yalikuwa ya kitabibu kabisa. Hadi leo hakuna ushahidi kwamba kikombe kile kiliponya lolote kati ya maradhi yale matano. Vyombo vya utafiti vya nchi viliitazama dawa kwa upande wa usalama, na habari kwamba haina sumu ikapokewa mitaani kama uthibitisho kwamba inaponya. Haya ni mambo mawili tofauti, kama maji ya kunywa yalivyo salama bila kuwa dawa ya malaria. Mgonjwa wa VVU anapoacha dawa za kufubaza virusi, wiki za kwanza anaweza kujisikia vizuri zaidi, kwa sababu maudhi ya vidonge yameondoka. Wiki hizo nzuri ndizo ushuhuda unaosimuliwa ibadani. Virusi hurudi kuzaliana kimya kimya, kinga hushuka, na kifua kikuu au homa ya uti wa mgongo itokanayo na fangasi hufika miezi kadhaa baadaye, wakati ambapo hakuna anayeshika kipaza sauti. Mwenye kisukari anayetegemea insulini hana hata miezi hiyo. Siku chache zinatosha kumpeleka katika koma. Kila ushuhuda wa uponyaji hutolewa mapema, na kila cheti cha kifo huandikwa kwa kuchelewa. Pengo hilo la wakati ndilo linaloufanya udanganyifu, hata ule usiokusudiwa, udumu.

Tangu Loliondo tumeona yaliyo mabaya zaidi. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakati wa kukanyaga mafuta ya upako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wanaohusishwa na dhehebu lililowafundisha kufunga hadi kufa, wakiwamo watoto. Mtoto wa miaka minne hana imani ya kufa kwa njaa, ana wazazi. Kwa matukio ya namna hii sina mengi ya kuongeza kama daktari, kwa kuwa hayo ni ya polisi na mahakama.

Linalonishughulisha ni lile eneo la kati, lenye mamilioni ya waumini wa kweli na viongozi wa dini wenye nia njema. Je, imani inawasaidia kiafya? Kuna tafiti mbili ambazo hunukuliwa na pande zinazopingana. Ya kwanza ilichapishwa Marekani mwaka 2006 na kundi la Herbert Benson. Wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa mishipa ya moyo katika hospitali sita waligawanywa kwa bahati nasibu. Miongoni mwa ambao hawakujua kama wanaombewa, waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa asilimia 52 kwa walioombewa na asilimia 51 kwa wasioombewa. Walioambiwa wazi kwamba wanaombewa walipata matatizo zaidi, asilimia 59. Huenda walijiuliza kama hali yao ilikuwa mbaya kiasi cha kuhitaji kundi la waombaji. Huenda pia ilikuwa sadfa. Ya pili, ya mwaka 2016, iliwafuatilia wauguzi wanawake 74,534 wa nchi hiyo hiyo kwa miaka 16. Waliohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 33 kuliko wasiohudhuria kabisa.

Asiyeamini hushika utafiti wa kwanza na mwamini hushika wa pili, kila mmoja akaondoka ameridhika. Mimi naona tafiti hizo hazigombani. Ya kwanza ilijaribu sala kama inavyojaribiwa dawa: unatoa dozi kutoka mbali, kisha unapima. Kwa maoni yangu hilo ni kosa la kiteolojia kabla ya kuwa kosa la kisayansi, na Mungu anayepangwa katika kundi la majaribio na kundi la ulinganisho si yule ambaye bibi zetu walimwomba. Ya pili ilipima kitu kingine kabisa, yaani kutoka nyumbani, kukutana na watu wale wale kila wiki, kuulizwa ulikuwa wapi Ijumaa au Jumapili iliyopita, kutovuta sigara, kutozama katika sonona. Ni kweli kwamba mtu mwenye afya njema ndiye anayeweza kutembea hadi ibadani, na watafiti walijitahidi kuliondoa tatizo hilo katika hesabu zao bila kuweza kuliondoa lote. Hata hivyo, mjane wa kisukari ambaye jumuiya yake ndogo ndogo inamtembelea Jumamosi, au ambaye wanawake wenzake wa darsa wanamchangia nauli ya kliniki, ana kitu ambacho duka langu la dawa halina.

Karl Marx alipoifananisha dini na afyuni, katika maandishi yake ya mwaka 1844, wengi walisikia tusi tu. Daktari husikia kitu cha ziada, kwa sababu katika Ulaya ya wakati ule afyuni ilikuwa dawa ya maumivu iliyotegemewa majumbani, na mofini tunayoitumia leo hutoka katika mmea huo huo. Mofini ya maji inayotolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road ni miongoni mwa vitu vyenye huruma kubwa vinavyotoka katika mfumo wetu wa afya. Haipunguzi uvimbe hata kidogo. Humwezesha mgonjwa kulala, kuongea na wanawe, kumalizia mambo yake. Daktari anayemnyima mofini mgonjwa wa saratani ya mifupa kwa hoja kwamba haiponyi ni mkatili. Lakini daktari anayempa mofini mgonjwa wa kidole tumbo, maumivu yakatulia, kisha akamruhusu aende nyumbani, amemuua. Dawa ni ile ile. Tofauti iko katika kujua kama chini ya maumivu kuna jambo linaloweza kurekebishwa, na kama linarekebishwa.

Naliona hilo kuwa jibu la sehemu kubwa ya swali letu. Faraja ya dini ni halali na ni ya lazima pale ambapo tiba imefika mwisho wake. Si ajabu kwamba huduma ya tiba shufaa nchini imepata nguvu katika hospitali za makanisa, kama ile ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ambako wahudumu huwafuata wagonjwa majumbani. Faraja hiyo hiyo huwa hatari inapomtuliza mama mwenye uvimbe wa titi wa sentimita mbili, ambao ungekatwa, hadi anapokuja na kidonda kinachonuka. Mara nyingi mama huyo hajatapeliwa na mtu. Ameombewa na watu wanaompenda, na hakuna kati yao aliyemwambia aende pia hospitali.

Je, viongozi wa dini wanaweza kufundishwa kusema sentensi hiyo? Tunao ushahidi kutoka hapa hapa nyumbani. Katika Kanda ya Ziwa, tohara kwa wanaume ilikuwa imesukumwa kwa miaka kadhaa kama kinga dhidi ya VVU, baada ya majaribio ya Afrika Kusini, Kenya na Uganda kuonyesha kwamba inapunguza uambukizo kwa mwanamume kwa takriban asilimia 60. Vijijini Mwanza mwitikio ulikuwa hafifu, na sababu mojawapo ilikuwa ya kidini: Wakristo wengi waliiona tohara kama jambo la Waislamu. Watafiti wa Bugando na wenzao wa Marekani, wakiongozwa na Jennifer Downs, walichagua vijiji 16. Katika vijiji vyote huduma ya tohara ililetwa kama kawaida. Katika vijiji 8 tu, viongozi wa makanisa walipewa kwanza semina iliyofundishwa kwa pamoja na mchungaji na mhudumu wa afya, ikazungumzia tohara katika Biblia, katika tiba na katika desturi za watu. Hawakuambiwa wahubiri nini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la Lancet: asilimia 52.8 ya wanaume walitahiriwa katika vijiji vya semina, dhidi ya asilimia 29.5 katika vijiji vingine. Ni mara chache semina yoyote ya Wizara, pamoja na mabango na fulana zake, hupata tofauti ya namna hiyo.

Nimewahi kusikia wenzangu wakilichukua jaribio hilo kama mbinu: kumbe mimbari ni spika, tuweke ujumbe wetu. Nadhani wanalisoma vibaya. Wachungaji wale walisikilizwa kwa sababu waumini waliamini kwamba hawakuwa na faida binafsi katika jambo lile. Hakukuwa na kikapu cha tohara. Siku mchungaji atakapoonekana analipwa kwa kila kijana anayempeleka, asilimia 52.8 itayeyuka. Hapo tunarudi kwenye swali la nani anafaidika, na tunaona kwamba ndilo linalobeba uaminifu wote. Mtu akiniuliza namna ya kutofautisha maombi ya kawaida na biashara ya uponyaji, humwambia aangalie mambo mawili. Je, anayekuombea anakuruhusu uendelee na dawa na urudi kupima? Na je, usipopona, lawama inakwenda kwa nani? Pale ambapo kupona ni sifa ya mtumishi na kutopona ni upungufu wa imani ya mgonjwa, kuna mtu amejiwekea bima dhidi ya ukweli, na mgonjwa ndiye anayeilipia.

Kisheria tuna mwanya. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamtaka mganga asajiliwe na Baraza. Taasisi ya dini husajiliwa kwingine, kwa masharti yasiyohusu tiba. Anayegawa mizizi, mafuta au maji na kutangaza kwamba vinaponya ugonjwa uliotajwa kwa jina anasimama katikati, na kila upande unamwona ni wa upande wa pili. Sipendekezi Serikali ipime mafundisho ya dini. Hakuna hakimu wala daktari mwenye uwezo huo, na historia ya waliojaribu inatisha. Napendekeza jambo dogo zaidi. Atakayetangaza hadharani kwamba kitu fulani kinachonywewa au kupakwa kinaponya kisukari au VVU awe ametoa dai la kitabibu, na dai hilo lipimwe kama madai mengine ya kitabibu, bila kujali limetolewa dukani au madhabahuni. Na anayemwagiza mgonjwa kuacha dawa awajibike kama ambavyo mimi ningewajibika.

Upande wetu pia kuna la kufanya, na Ramadhani ni mfano mzuri kuliko yote niijuayo. Utafiti mkubwa wa mwaka 2001 katika nchi 13, wenye wagonjwa wa kisukari Waislamu zaidi ya 12,000, ulikuta kwamba asilimia 79 ya wenye aina ya pili, na asilimia 43 ya wenye aina ya kwanza, walifunga angalau siku 15. Matukio makali ya kushuka kwa sukari yaliongezeka mara kadhaa katika mwezi huo. Qurani yenyewe, katika Sura ya Al-Baqara, imemruhusu mgonjwa asifunge, na masheikh wetu wanalijua hilo kuliko sisi. Hata hivyo wagonjwa wanafunga, na nimekwisha kuacha kulishangaa. Mzee aliyekula daku na futari na watu wake kwa miaka 60 haoni rukhsa ya kukaa kando kuwa ni zawadi. Akisikia kwangu neno "usifunge" peke yake, atafunga, kisha atanificha.

Miongozo ya kimataifa ya kisukari na Ramadhani inataka mgonjwa aonwe wiki sita hadi nane kabla ya mwezi mtukufu, yaani ndani ya Rajabu. Apimwe kiwango cha hatari yake. Wa hatari kubwa, kama mwenye figo zilizoharibika au aliyewahi kuzimia kwa sukari kushuka, ashauriwe kwa uwazi asifunge. Wa hatari ndogo abadilishiwe saa na dozi za dawa, afundishwe kupima sukari mchana, na aelezwe kwamba kutoboa kidole hakufunguzi, na kwamba sukari ikishuka chini ya milimo 3.9 kwa lita anafungua hapo hapo, hata kama adhana ya magharibi iko dakika kumi mbele. Sentensi hiyo ya mwisho nikiisema mimi huwa na nguvu nusu, na sheikh akiisema peke yake pia huwa nusu, kwa sababu mgonjwa huuliza kila mmoja wetu swali lililo la mwenzake. Kwa hiyo kliniki za kisukari katika mikoa yenye Waislamu wengi zimwalike imamu wa msikiti ulio karibu kila Rajabu, asubuhi moja tu, akae chumba kimoja na daktari, na wagonjwa waulize mbele ya wote wawili. Gharama yake ni chai ya asubuhi na kiti kimoja cha ziada.